Chokaa ya ukuta, chokaa ya udongo

Jacaranda zimechanua barabara nzima na mvua bado. Zimebaki wiki chache tu za kufanya kazi kwenye ukuta, kwa hiyo leo nilipotoka shule sikupita nyumbani, nikaenda moja kwa moja bustanini.

Ni ile bustani ya zama za Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa Wabelgiji, iliyozungushiwa ukuta wa matofali, ikaachwa mpaka ikawa jalala. Tunaifufua ili wanafunzi wapate pa kujifunzia mimea na wageni wapate pa kutembea. Miti ya zamani imebaki miwili, mwembe na mparachichi.

Nilimkuta mzee, fundi wetu, anabandua saruji. Kuna waliowahi kuukarabati ukuta huu kwa saruji tupu, na matokeo yake yanaonekana: saruji imetokeza nje, tofali limelika kama jino bovu. Mzee akanipa kipande. Nilipokisugua kwa kidole ulitoka unga mwekundu.

"Mwalimu, hili ni udongo wa kichuguu," akasema. "Linakunywa maji, na sharti liyatoe. Ukilizibia kwa saruji, maji yatatokea usoni mwake na kulimega."

Nimefundisha habari za mchwa miaka mingi kwa kuchora ubaoni. Kumbe nusu ya Lubumbashi imesimama juu ya kazi yao! Vichuguu vyetu vinapita nyumba kwa urefu, na mpaka leo wafyatua matofali huvichimba pembezoni mwa mji. Somo la kwanza la watoto litaanzia kwenye ukuta, kabla hawajagusa jani lolote.

Kwa hiyo tunajengea chokaa, ile ya Kakontwe, upande wa Likasi. Inapumua pamoja na tofali.

Kilichoninyima usingizi ni kona ya magharibi. Maharage yalichipua pale, yakageuka manjano, yakafa. Nikapanda tena, yakafa tena. Mtaalamu wa kilimo kutoka chuo kikuu alipofika aliutazama udongo, kisha akatazama lilipo bomba la moshi la tanuri la shaba. Tanuri liliwashwa 1911, na upepo wa kusini-mashariki ulisukuma vumbi lake upande wetu kwa miongo mingi. Dawa aliyotupa ni chokaa na samadi: chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na shaba haichukuliwi tena na mizizi kwa urahisi. Haiondoki, lakini. Mboga za kula tusipande pale, tuotesheni nyasi zinazostahimili.

Wenzangu wanataka mawaridi kona hiyo, kama bustani za zamani. Mawaridi yakae langoni, nimewaambia, na kipande kidogo tusikitie hata chokaa. Hapo nataka Haumaniastrum katangense, ua la shaba, linaloota kwenye udongo unaoua mimea mingine. Watafuta madini walikuwa wakilifuata porini. Mtoto wa mji huu amalize shule bila kuliona? Hilo sikubali, na nitalisema tena kikaoni.

Jioni nilimwomba mzee nusu gunia la chokaa. Akaniangalia.

"Ya kujengea wapi, mwalimu?"

"Ya udongo, mzee. Kule maharage yalikokufa."

Akanichotea kavu, akaliacha pipa lake la chokaa iliyolowekwa. Kesho Jumamosi watoto wanakuja na ndoo za samadi. Chokaa nitaimwaga mwenyewe kabla hawajafika, maana inaunguza macho.