Ndigana baridi kwa ng'ombe wa maziwa, Njoro: ilivyotibiwa

Friesian wa kilo 400 hivi (utepe wa kifua unatosha kukadiria): joto nyuzi 40.8, maziwa yamekatika, kinyesi kikavu, ufizi mweupe wenye umanjano. Mkojo haukuwa mwekundu. Hapo ndipo wengi hukosea, wakachoma dawa ya ndigana kali (East Coast fever, ugonjwa mwingine wa kupe), ambayo haigusi ugonjwa huu. Mkojo mwekundu ungeelekeza kwenye babesia, ugonjwa wa kupe wa mkojo mwekundu. Tezi za chini ya sikio zilizovimba, kwenye ndigana kali. Tone la damu ya mkia kwenye kioo, likapakwa rangi ya Giemsa, lilionyesha nukta ukingoni mwa seli nyekundu: anaplasma, kijidudu cha ndigana baridi.

Dawa yake, oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini muda mrefu, hutolewa ml 1 kwa kila kilo 10. Kwa hiyo ml 40, ndani kabisa ya msuli, sehemu nne, ml 10 kila moja; ukimwaga zote mahali pamoja nyama huvimba. Joto lisiposhuka, daktari hurudia baada ya saa 72. Maziwa hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Kumkimbiza au kumpeleka josho ni kumuua: damu haina hewa ya kutosha na moyo tayari unadunda kwa nguvu. Maji na majani vimfuate kivulini. Damu hurudi kwa wiki kadhaa, si siku.

Kisha kupe wa bluu, anayeeneza ugonjwa huu: dawa ya kupe amitrazi ya asilimia 12.5, ml 40 kwa lita 20 za maji, kila wiki, hadi masikioni na chini ya mkia. Na sindano moja isichome ng'ombe wawili, nayo hueneza.