Siku 11 za Kukitazama Kitone

Mume wangu alipopata nafasi katika Iron Butt Rally, mashindano ya pikipiki ya Marekani yanayodumu siku 11, ambamo wanaowania nafasi za juu hukaribia wastani wa kilomita 1,600 kwa siku, nilidhani kazi yangu ingekuwa kumtia moyo kwa simu. Kumbe simu ndiyo iliyonibidi kuizuia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kila dakika anayonijibu anaitoa katika usingizi wake, na usingizi wenyewe ni wa kuibia.

Kwa hiyo nilibaki na kitone kwenye ramani, kilichotumwa na kifaa cha setilaiti alichokifunga kwenye pikipiki. Usiku wa nne, saa tisa kasoro, kitone kilisimama kando ya barabara mahali pasipo na kituo cha mafuta wala nyumba ya wageni. Nilikaa kitandani nimeishika simu, nikihesabu dakika, nikijikumbusha makubaliano yetu kwamba nisipige kabla dakika 60 hazijapita. Dakika ya 47 kitone kikasogea. Alikuwa amejilaza kifudifudi juu ya tangi, kofia ngumu ikiwa bado kichwani, akasinzia.

Watu waliniuliza amepata alama ngapi, kana kwamba mimi ndiye mwamuzi. Sikujua, wala sikujali sana. Nilichojua ni saa alizolala, nami niliziandika kwa penseli nyuma ya bahasha.