Siku moja maishani mwangu: kuilinda volteji kando ya Ziwa Turkana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri upepo wa Loiyangalani bado uko katika nguvu zake. Huvuma usiku kucha ukipenya kati ya mlima Kulal na mlima Nyiro, nami nikitoka kwenda zamu sina budi kuushika mtandio kwa mikono miwili. Ninafanya kazi mahali ambapo umeme wa mitambo 365 ya upepo, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, huingizwa katika laini ya kilovolti 400 na kusafirishwa hadi kituo cha umeme cha Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400.

Saa kumi na mbili ninapokea zamu. Mwenzangu wa usiku ananisomea daftari: laini imebeba megawati 280, volteji ni kilovolti 402, riakta moja, yaani koili kubwa inayozuia volteji isipande mno, imo kazini. Usiku wake ulikuwa mwepesi.

Saa tatu ninazunguka uwanjani kukagua vumbi lililoganda kwenye vikombe vinavyoshikilia waya. Ninasimama kidogo karibu na riakta, pipa kubwa la chuma lililojaa mafuta na koili, na mvumo wake unasikika hadi miguuni.

Kazi yenyewe huanza saa saba mchana, upepo unapolegea. Watu wengi hudhani kwamba upepo mkali ndio unaotutesa, kumbe ni utulivu. Waya mrefu hivi, uliotandazwa juu ya ardhi kavu, hufanya kazi ya kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme: huzalisha umeme riaktivu, yaani ule unaokwenda na kurudi bila kuwasha taa wala kusaga mahindi, lakini ambao ndio unaoamua volteji isimame wapi. Laini yetu huuzalisha kuliko inavyoutumia hata upepo ukiwa umejaa, na kadiri mzigo unavyopungua ndivyo ziada hiyo inavyoisukuma volteji juu. Mhandisi Mwingereza Sebastian de Ferranti alikutana na jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, kwenye nyaya zilizotoka Deptford kuingia London. Kwa hesabu yangu, laini ya kilomita 430 ikiachwa wazi ncha moja bila riakta yoyote, volteji ya ncha hiyo itapanda kwa takribani asilimia 11, kutoka kilovolti 400 hadi karibu 445, ilhali vifaa vya laini ya namna hii kwa kawaida huundwa kuhimili 420.

Megawati zinashuka hadi 60. Volteji inasoma 406, kisha 410, kisha 413. Ninapiga simu Nairobi, kwa mwenzangu anayeongoza gridi.

"Kaka, nimefika 413 na bado inapanda. Naomba kuingiza riakta ya pili."

"Nipe dakika mbili, dada, niangalie Suswa kwanza."

Ana haki ya kuangalia, kwa sababu riakta nitakayoingiza hapa itaivuta volteji ya kule pia. Anaporudi ananiruhusu, ninafunga swichi, mvumo wa pili unaungana na ule wa kwanza, na namba inatulia kwenye 404.

Saa kumi na dakika kumi radi inapiga laini nyingine, mbali kusini. Volteji inazama na kurudi ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, muda ambao mkono wa mtu hauwezi kufanya lolote. Hapo tegemeo letu ni mitambo yenyewe: inatakiwa kuvumilia mzamo ule bila kujitoa, na kupitia konveta zake, vifaa vya kielektroniki vinavyorekebisha umeme wake, isukume umeme riaktivu kuiinua volteji. Ikijitoa yote kwa pamoja, gridi itapoteza megawati zake, na sisi tutabaki na laini tupu inayopanda. Ninaihesabu kwenye skrini safu kwa safu. Yote iliyokuwa ikizunguka bado inazunguka, na ninagundua kwamba nilikuwa nimezuia pumzi.

Kuelekea saa kumi na mbili jioni upepo unaanza kurudi, nchini watu wanawasha taa na majiko, na laini inapata mzigo tena. Naomba ruhusa ya kuitoa riakta ya pili, kisha ninamwandikia mwenzangu anayekuja: imetolewa saa kumi na moja na dakika arobaini, volteji 405, megawati 130, upepo unapanda.