Jicho nalo lina haki yake

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Jumapili saa tano usiku, vibanda vya mpira huku Ngamiani, Tanga, bado vimejaa. Mechi ya Hispania ndiyo kwanza inaanza, mpaka iishe ni saa saba. Wengine tuko kitandani, ila simu iko usoni. Alfajiri muadhini ananadi kwamba swala ni bora kuliko usingizi, na sisi huo usingizi wenyewe hatujaupata. Tunaswali tunayumba, saa moja na nusu tuko kazini macho mekundu, na hasira zote zinamwishia mteja wa kwanza. Halafu lawama tunaitupia Jumatatu.

Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa, masahaba ambao Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu. Salman alikwenda kumtembelea nduguye, akamkuta mkewe amejiachia, hajipambi. Kumuuliza, akajibu: nduguyo hana haja na dunia. Usiku Abu Dardaa akainuka kuswali. Salman akamwambia, lala. Akalala, akainuka tena. Lala! Usiku ulipokaribia kwisha ndipo Salman akasema, haya, sasa amka. Wakaswali wote wawili. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa akasema, Salman kasema kweli.

Sasa tazameni aliyezuiwa kukesha alitaka kukesha kwa lipi. Si kwa mpira. Naye sahaba Abdullah bin Amr, mfungaji wa saumu na mkeshaji wa ibada, aliambiwa na Mtume mwenyewe kwamba hata jicho lake lina haki juu yake.

Mtume hakupenda kulala kabla ya Isha wala maongezi baada yake. Kwetu Tanga, baada ya Isha ndipo baraza linapokolea! Sisemi tulivunje; kuna mgeni, kuna elimu. Ila usiku wa kuamkia kazi, mkishakula, tieni udhu, simu iacheni sebuleni, mlalie ubavu wa kulia.

Wavuvi wa Sahare, walinzi na wauguzi hawana usiku huo. Lakini Surat Ar-Rum, aya ya 23, inataja kulala kwetu usiku na mchana kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo jirani aliyetoka zamu asubuhi tusimgongee mlango saa nne kumdai mchango wa harusi.