Muuza manukato na mlango wake

Nimeingia chumbani sasa hivi, magoti yananililia. Leo tulipanda treni hapa Pune, India, hadi Lonavala, kisha ngazi, ngazi, ngazi mpaka mapango ya Karla.

Ni ukumbi wa Kibudha uliochongwa ndani ya mwamba, kama miaka 2,000 iliyopita. Mita 45 kwenda ndani! Kwenye dari bado kuna mbao za enzi hizo.

Ila mimi nilinasa kwenye maandishi.

Herufi za Kibrahmi, lugha ya Kiprakriti, zote za India ya kale. Watu wametaja walichotoa. Nguzo kadhaa ni za Wayavana, jina walilopewa Wagiriki.

Halafu mlangoni: Simhadata, muuza manukato, kutoka mahali paitwapo Dhenukakata. Zawadi yake, mlango.

Basi. Hana cheo wala sifa.

Nikapitisha kidole hewani kufuata zile herufi (kugusa hapana!), nikakumbuka feni la msikitini kwetu Tanga, limeandikwa kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: "Sadaka ya fundi cherehani." Herufi ya mwisho imebanana pembeni, nafasi ilimwishia.

Kwenu kuna nini chenye jina la aliyekitoa? Bomba, benchi, kengele? Tupieni picha hapa.