Mguu usiouma

Nimerudi na jeli kwenye soksi. Nilienda kupigwa ultrasaundi ya kano ya kisigino, maana huu mwezi wa nne asubuhi nikishuka kitandani natembea kama bata, nikizungukazunguka panalegea, jioni najidanganya nimepona nakimbia kidogo, kesho yake nalipa.

Nikalala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Dokta akapaka jeli mguu wa kushoto. Nikamwambia dokta, sio huo. Akasema najua, nataka kwanza nione mzima wako ukoje.

Na kweli mzima unapendeza kuuangalia. Kano inaonekana kama nywele zilizochanwa vizuri, vimistari vyeupe vimelala pamoja, hakuna kinachomkanyaga mwenzake. Unene milimita 5. Kuhamia wa kulia, hapo karibu sentimita 4 juu ya kisigino, kano imetuna kama nyoka aliyemeza panya, milimita 9, katikati kuna weusi na vile vimistari vimevurugika kabisa.

Akaniambia kunja nyayo, nyoosha, kunja. Ingekuwa imekatika tungeona ncha mbili zinaachana, ila yangu iliteleza yote kwa pamoja. Nikashusha pumzi.

Halafu akanifanyia kitu ambacho mpaka sasa hakijanitoka kichwani. Alirudi kwenye mguu mzima akainamisha kidogo tu kile kifaa anachokipitisha kwenye ngozi, kama unavyoinamisha kalamu, na sehemu ya kano ikawa nyeusi tii, shimo kabisa! Akakisimamisha tena, nyuzi zikarudi. Anasema sauti inayotoka kwenye kifaa ikizigonga zile nyuzi moja kwa moja inarudi kwenye kifaa, ikizigonga kimshazari inaenda zake kwingine na skrini inaona giza, kwa hiyo mwenye haraka anaweza kukuandikia kano imechanika wakati kilichopinda ni mkono wake yeye.

Akawasha Dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea. Vidoti vyekundu vikaanza kuwakawaka ndani ya ule weusi, vimishipa vya damu ambavyo kano nzima kwa kawaida haivionyeshi. Akasukuma nyayo yangu juu kano ikakaza, vikazimika vyote. Akailegeza, vikawaka. Hata akikandamiza kifaa tu vinazimika, damu inabanwa. Yaani mtu angenipima nimekaza mguu angeniambia huna kitu nenda nyumbani.

Nikauliza, kwa hiyo ni inflamesheni? Maana nimemeza vidonge vya kutuliza uvimbe mpaka tumbo limelalamika. Akasema sio hivyo hasa. Ingekuwa kano ya kiganjani, yenye ala yake, yaani mfuko unaoifunika, na ala imevimba, tungeona maji, kwenye skrini meusi, yameizunguka kama pete. Ya kisigino haina ala ya namna hiyo, na yangu nyuzi zimechoka, zinajikarabati vibaya, ndio maana imenenepa. Kupumzika tu hakutoshi, inataka mzigo wa polepole, nisimame kwa vidole nishuke taratibu, tena kwa miezi. Na akanionya mapema kwamba maumivu yanaweza kuisha na picha ikabaki mbaya vilevile, nisije nikarudi kila wiki kuomba kupigwa nyingine.

Hiyo sikuipenda. Mimi nilienda nikitaka picha inayoonyesha hapa ndipo panapouma, basi.

Wakati ananifuta jeli nikaona kwenye skrini bado ameacha picha moja ya kushoto, na pembeni kuna kakiza kadogo. Nikamuuliza, na hako, dokta, umeinamisha mkono? Akasema hapana, hako kapo kweli.

"Mguu huo umewahi kukuuma?"

"Hapana."

"Basi tuuache."

Sasa saa nne usiku, niko kitandani naubonyezabonyeza. Wa kushoto.