Loda ina nguvu asubuhi, mchana inagoma: nilivyoutafuta ugonjwa

Mjomba wangu ana shamba upande wa Kafubu, nje kidogo ya Lubumbashi, na trakta yake ya zamani yenye loda ndiyo inayopakia samadi na mchanga. Mwezi wa sita, wakati baridi ya asubuhi huku Katanga inauma kweli, loda ilianza tabia ya ajabu. Alfajiri inainua ndoo iliyojaa bila shida. Jua likishapanda na oili ikishapata moto, nusu ndoo tu inaishinda: mikono inapanda kidogo, inasimama, injini inanguruma bure.

Kila aliyeiona alitoa hukumu ileile: pampu imekufa. Dereva, ninayemwita yaya kwa sababu ni mkubwa kwangu, alikuwa ameshaulizia bei ya pampu kule soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na mjomba alikuwa anatafuta dola.

Nikamwambia, "Mjomba, naomba tupime kwanza. Tukinunua pampu na ugonjwa uko kwingine, hela haitarudi."

"Sawa, mwipwa wangu. Lakini ujue samadi inangoja."

Nilianza na swali moja: ndoo ikiwa tupu, inapandaje? Mchana ule, na joto lake lote, ndoo tupu ilipanda haraka kama kawaida. Hilo lina maana kubwa. Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha huja pale oili inapokutana na mzigo. Ndoo tupu ikipanda polepole, tafuta uhaba wa oili: chujio la kunyonyea limeziba, mpira wa kunyonyea unavuta hewa, au pampu imechoka. Ndoo tupu ikienda mbio lakini mzigo ukaishinda, kwanza tafuta mahali presha inapotorokea. Na ikiwa baridi ni nzima, moto ni mgonjwa, basi kuna upenyo ndani, kwa sababu oili moto ni nyepesi na hupita penye nafasi ndogo. Upenyo huo unaweza kuwa kwenye pampu, kwenye vali ya usalama (inayoachia oili presha ikizidi), kwenye distributa (lile pande la chuma lenye levya), au kwenye sili za pistoni, zile pete za kuzuia oili ndani ya silinda.

Kiwango cha oili kilikuwa sawa, haina povu, haijawa nyeupe kama iliyoingia maji. Klampu zimekaza. Lakini nilipofungua filta ya kurudishia oili nilikuta kipande cheusi, kigumu, kimevunjika upande mmoja, ukubwa wa ukucha. Chuma hakuna. Pampu ya gia ikila mwili wake huacha unga unaometa kwenye filta. Nikakifunga kile kipande kwenye karatasi.

Halafu manometa, yaani kipimo cha presha. Nilipata moja inayosoma hadi bar 250 (bar ni kizio cha presha), nikaifunga kwa kiungo cha T kati ya pampu na distributa, kwa mpira mrefu ili niisome nikiwa kwenye kiti. Kabla ya kulegeza mpira wowote: ndoo chini, injini imezimwa, levya zimesukumwa pande zote mpaka presha iishe. Na mvujo hautafutwi kwa mkono. Oili yenye presha hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Tumia kipande cha katoni.

Tukaifanyisha kazi hadi oili ikapata moto. Nikaikunja ndoo mpaka mwisho wake, nikaishikilia levya sekunde chache tu: sindano ikasimama kwenye 150. Nikainua mikono mpaka mwisho, hakuna mtu karibu, nikashikilia vilevile: 90. Nikapiga resi, ikafika 110, basi.

Hapo nilifurahi sana. Pampu ni moja na vali ya usalama ni moja kwa kazi zote mbili. Kama zinaweza kutoa 150 kwa kukunja ndoo, haziwezi kuwa ndizo zinazotuangusha kwenye kuinua. Kwa kile kipande cheusi, nikazishuku silinda za kuinua. Na hesabu inakubali: silinda zetu zina kipenyo cha ndani cha milimita 60, yaani kama sentimita 28 za mraba. Kwa bar 150 kila moja inasukuma zaidi ya tani 4. Kwa bar 90, tani 2 na nusu hivi.

Yaya alinipinga: "Mbona ukiiacha juu haishuki? Silinda ingekuwa imekufa ingeshuka."

Ni swali zuri, na mafundi wengi hudanganyika hapo. Levya ikiwa katikati, distributa imefunga njia zote mbili. Oili inayopita kando ya pistoni inaingia upande wa fimbo (kile chuma kinachotoka na kuingia), ambao ni mdogo kuliko wa chini kwa kuwa fimbo imechukua nafasi, kwa hiyo haina pa kwenda, na mkono unabaki juu hata kama sili imekatika.

Mikono ikiwa imelala chini juu ya magogo, tulitoa pini za fimbo, silinda zikabaki huru. Tukazisukuma mpaka mwisho. Kwenye ya kulia nikafungua mpira wa upande wa fimbo, nikauziba kwa plagi ya chuma, nikaweka beseni chini ya tundu. Yaya akavuta levya ya kuinua: matone machache. Ya kushoto ikamwaga oili kama bomba la maji.

Ndani, sili ya pistoni ilikuwa imekauka na imemeguka, na kile kipande cha kwenye filta kikakaa sawasawa kwenye pengo. Nilimulika ukuta wa silinda kwa tochi na kuupapasa kwa kidole. Hakuna mkwaruzo wa kushika ukucha. Ungekuwepo, sili mpya isingedumu.

Nilipima kipenyo cha silinda na mfereji wa pistoni kwa kalipa. Sili ya zamani haifai kupimwa, imeshabadilika umbo. Nilinunua za pande zote mbili, nikazipasha kwenye oili ya moto zilainike, nikazivalisha kwa kijiti cha mbao badala ya bisibisi. Tuliipandisha mikono na kuishusha polepole bila mzigo ili hewa itoke, tukaongeza oili.

Mchana, oili ikiwa moto, kuinua kulisoma 148. Mjomba alipanda mwenyewe, akajaza ndoo ya samadi mpaka inamwagika, akaipeleka moja kwa moja kwenye lori. Dola za pampu amenunulia mbegu ya mahindi, na filta tumekubaliana ibadilishwe tena kabla ya mvua, maana vipande vingine vya sili ile sikuviona.